Kopo Lililobaki na Maandishi Yake

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wengi wenu mna watoto au mko njiani kuwapata, na wote mmesoma kunizidi. Mimi niliishia darasa la nne. Naandika polepole, na mjukuu wangu Tatu ananirekebishia herufi. Lakini watoto wa hapa Mafia nimewapima tangu mama zenu wanalia mzanini, mpaka wao wakaniletea nyinyi. Nitawaeleza kazi yetu ilivyofanywa, na nitawaeleza habari ya mtoto mmoja aliyekufa kwa kosa langu. Sitaki mnionee huruma. Nataka mkimaliza kusoma mwende mkaangalie rafu za majikoni mwenu.

Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa Bweni, kule kaskazini mwisho kabisa kwenye mnara wa taa. Nilikwenda kuomba kufagia zahanati. Mganga Mfawidhi, yaani mkubwa wa zahanati, alikuwa mtu wa bara, mrefu, asiyecheka.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Umesoma?"

"Darasa la nne."

"Namba unazijua?"

"Nauza nazi, Daktari. Nisizijue namba, nitaishi?"

Hakucheka. Alinipa fagio, na ilipofika saa nne asubuhi akaniita kwenye kliniki ya watoto. Mzani wetu ulikuwa wa kuning'iniza: uso wa duara kama saa ya ukutani, wenye mshale, umefungwa kwenye boriti, na chini yake suruali ya kitambaa kigumu. Mtoto anaingizwa miguu humo, anabaki ananing'inia na kupiga kelele. Huyo wa kwanza alirusha miguu, mshale ukacheza huku na huku. Nikasema, "Kilo sita."

"Nani kakwambia sita?"

"Mama yake anasema mwezi uliopita alikaribia sita. Nikaona atakuwa kashafika."

Akaniangalia mpaka nikainamisha uso. "Usisome unachopenda kukiona. Ngoja mshale utulie, soma uliposimama."

Mshale ulisimama kwenye tano na nusu. Mtoto alikuwa amepungua, na mimi nilikuwa nimemnenepesha kwa mdomo. Kazi yangu yote ya mzani nilifundishwa pale, kwa maneno yale. Baadaye akanionyesha kadi ya kliniki: uzito wa kila mwezi unatiwa nukta, nukta zinaungwa kwa mstari. Mstari ukipanda mtoto anakua. Ukilala kuna jambo nyumbani. Ukishuka, usimwache mama aondoke kabla hujajua mtoto anakula nini.

Bweni nilikaa miaka mingi, nikahamishiwa Kiegeani. Huko mkubwa wangu alikuwa Nesi Mkunga, mama wa Kikristo kutoka bara, tukimwita Sista. Huyu ndiye aliyenifundisha kulikiza. Watu wanachanganya kulikiza na kuachisha ziwa. Kuachisha ni kumkatia mtoto titi. Kulikiza ni kumwanzishia chakula cha nyongeza, uji na vinginevyo vilivyopondwa, huku anaendelea kunyonya. Nilipoanza kazi tulikuwa tukisema miezi minne. Baadaye ikaja kwamba ni sita kamili, kabla ya hapo titi tupu, hata maji asipewe. Kuwaambia akina mama jambo hilo ilikuwa vita.

"Bi Zubeda," alisema mmoja, mwanamke mnene wa kuuza samaki, "juzi minne, leo sita. Mwakani mtatwambia tungoje mpaka aote ndevu!"

Baraza zima likaangua kicheko. Sista hakunyanyua hata macho kwenye daftari lake. "Akiota ndevu atajichotea mwenyewe. Wewe ngoja sita."

Alikuwa na utaratibu wake Sista. Kila siku ya kliniki alipanga mezani makopo na maboksi ya vyakula vya watoto yanayouzwa madukani, akawafundisha mama kusoma lebo, yale maandishi ya ubavuni. Kwanza umri: kimeandikwa tangu kuzaliwa au kuanzia miezi sita? Pili tarehe ya kwisha. Tatu namna ya kutayarisha, vijiko vingapi kwa maji kiasi gani. Na kwenye maziwa ya kopo yaweko maneno kwamba maziwa ya mama ndiyo bora, yameandikwa Kiswahili, na kopo lisije likapambwa picha ya kitoto kinene kukutamanisha. "Kama huelewi kilichoandikwa, rudisha rafuni," alikuwa akisema. "Na kama umeelewa, fuata neno kwa neno. Usimsikilize shangazi wala jirani."

Nikayabeba maneno hayo. Alipostaafu Sista niliyasema mimi, kijiji hadi kijiji, mpaka yakawa kama salamu yangu. Fuateni maandishi. Fuateni maandishi.

Kituo changu cha mwisho sikitaji, maana wenye mtoto wapo hai na tukikutana tunasalimiana. Pale, siku za kliniki, nilikuwa napika uji wa unga wa lishe mbele ya akina mama: mchele, mtama na karanga, vimesagwa laini sana mashineni. Mwenye mtoto aliyepita miezi sita, na mstari wake umelala, nilimpa unga kidogo akaanzie nyumbani. Zamani nilikuwa naufunga katika mifuko ya plastiki. Mifuko ilipopigwa marufuku nikawa naufunga kwa magazeti, lakini hewa yetu mnaijua. Siku mbili unga umeshika unyevu, siku ya tatu una wadudu.

Palikuwa na baba mmoja ambaye mkewe alifariki kwa uzazi, na mtoto alibaki. Huyo kweli alihitaji maziwa ya kopo, Mganga wa pale alimwandikia, akawa anayaagiza Dar. Makopo yakiisha aliniletea. Makopo mazuri, ya bati, mfuniko unabana hata sisimizi hapenyi. Niliyaosha kwa maji ya moto nikayaanika juani, nikatia unga wangu wa lishe. Kijiko kidogo cha kupimia kilichokuja na kopo nikakiacha humohumo, nikaona kitamfaa mama. Maandishi yalikuwa yamechapwa juu ya bati lenyewe: tangu kuzaliwa hadi miezi sita, na jedwali la vijiko, na kwamba uchanganye na maji yaliyochemshwa, yakapoa kidogo. Sikuyagusa. Yanadhuru nini maandishi? Kopo ni kopo. Nani kati yenu hana sukari ndani ya kopo la majani ya chai?

Kopo moja nilimpa Mwajuma, mtoto wake ana miezi tisa. Nikamwambia kwa mdomo wangu: "Mwajuma, huu ni unga, unachemshwa mpaka uive."

"Najua, Bi Zubeda. Mtoto wa kwanza huyu?"

"Wa nne, na wote umewalisha kwa pupa. Chemsha."

Alicheka akaenda zake. Wiki iliyofuata alifiwa na baba yake, akaenda matangani na mtoto wake mgongoni. Kopo lilibaki jikoni kwa wakwe zake.

Nyumba hiyohiyo alikaa wifi yake, Rukia, mke wa kaka yake mumewe Mwajuma. Rukia alimaliza kidato cha nne. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alikuwa na miezi miwili na siku chache, na mstari wake kwenye kadi ulipanda vizuri kuliko wa mtoto yeyote wa mwaka ule. Nilikuwa nikimwonyesha kwa wenziwe. Mwangalieni Rukia, nasema, titi tupu, na mtoto kama gunia la mpunga.

Alikuja asubuhi, kliniki imejaa. Akapita mbele bila kungoja zamu, na hakuna mama aliyemzuia, kwa jinsi alivyomshika yule mtoto. Nilimfunua khanga. Utosi ulikuwa umebonyea, macho yameingia ndani, midomo mikavu. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi, Bibi. Anaharisha na kutapika, nikasema joto."

"Umempa nini?"

"Mama mkwe alitaka nimpe uji. Anasema analia kwa njaa, maziwa yangu mepesi. Nikakataa, Bibi. Nikamwambia Bi Zubeda kasema miezi sita, na uji simpi. Akanuna." Alikuwa anahema. "Nikaona kopo la zahanati, la Mwajuma. Limeandikwa tangu kuzaliwa. Nikampa hilo, leo siku ya nne, ili mama mkwe anyamaze. Kwa kikombe, Bibi, sikutumia chupa. Maji nilichemsha. Vijiko nilihesabu kama jedwali linavyosema. Ila yanatuama chini ya kikombe, yale maziwa. Nilikuwa nakoroga sana."

Nilikuwa nimeshika suruali ya mzani. Ikaniponyoka.

Unga mbichi wa mtama na karanga, ndani ya tumbo la miezi miwili, siku nne. Alikuwa amekataa uji wa mama mkwe, akampa mwanawe uji usioiva kwa amri ya kopo langu.

Mganga Mfawidhi wa pale, kijana mpole, alitafuta mshipa wa kutilia dripu kichwani na miguuni, na mishipa ilikuwa imekwisha kulala. Tulimtia maji ya chumvi na sukari kwa kijiko huku gari linakwenda hospitali. Mimi nilikwenda nao. Barabara ile ina mashimo, na kila shimo Rukia alimwinua mtoto juu kidogo asipigizwe. Nilikuwa nimeweka kidole kifuani pake. Katikati ya njia kidole hakikusikia kitu. Sikusema mara moja. Nilimwacha Rukia amwinue kwenye mashimo mawili zaidi, ndipo nikasema, "Mwanangu, mpumzishe mikono."

Kijijini walisema ni amri ya Mungu, na sibishani na hilo. Lakini nilimweleza Mganga yote. Akasema, "Bi Zubeda, makopo sote tuliyaona rafuni. Hata mimi sikusema neno." Alisema kwa wema. Haikunisaidia. Siku ileile niliyakusanya makopo nyumba kwa nyumba. Nilipata yote.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa Rukia. Angeweza kukaa maisha yake yote akidhani alikosea kuhesabu vijiko, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwangu. Nilimweleza unga uliokuwamo, nani aliutia, na kwa nini maandishi yalibaki. Alisikiliza huku anachambua mchele kwenye ungo.

"Kwa hiyo nilisoma sawa?"

"Ulisoma sawa, mwanangu. Kopo ndilo lilisema uongo, na aliyelidanganyisha ni mimi."

Akachambua kidogo. "Bora ningekuwa sijui kusoma," akasema. "Ningekuuliza."

Nilifanya kazi mwaka mmoja zaidi, nikastaafu. Nilipewa cheti na khanga doti mbili. Watu huniuliza kama kazi ilikuwa nzuri. Ilikuwa kazi. Wapo waliokua, wengine sasa ni mabaharia na walimu. Mimi namkumbuka mmoja. Mganga wa Bweni alinifundisha nisome mshale uliposimama, nikausoma kwa uaminifu miaka yote, na maandishi ya kopo nililolijaza kwa mikono yangu sikuyasoma hata siku moja.

Sasa Tatu ana kichanga cha miezi minne. Likizo yake imekwisha, wiki ijayo anarudi kazini hotelini Utende. Jana kaniuliza kama aanze uji. Nikamwambia akamue maziwa yake kwenye kikombe safi chenye mfuniko, nitamnywesha mimi, na miezi sita ikitimia nitapika uji mwenyewe. Akasema sawa, Bibi. Kisha akageuka kutafuta chumvi, akashusha rafuni kopo la maziwa ya mtoto, alilopewa na mwenzake hotelini. Chumvi ya jikoni ilikuwa humo.

Niliwaita wote jikoni, wakubwa kwa wadogo, hata mume wa Tatu aliyekuwa akila. Nikamwaga chumvi kwenye sahani, nikaliweka kopo chini mbele yao.

"Lisugueni kwa mchanga mpaka bati liwe jeupe. Kopo lolote la mtoto likiisha katika nyumba hii, lifanyweni hivyo kabla halijatiwa hata punje ya kitu. Na ikibaki herufi moja isiyotoka, litoboeni kwa msumari, mlifukie."