Nimefungiwa Ndani na Bismillahi

Mlango wa duka langu uko wazi na siwezi kutoka.

Bango la harusi nililichora nyumbani, Wiyoni, kwa fonti nzuri ya Kiarabu. Hapa dukani, Langoni, nimekuja na mchoro, faili la fonti nimelisahau. Kompyuta ikatia fonti yake yenyewe, nami kwa haraka zangu nikachapisha bila kutazama.

Bismillahi imetoka herufi zimeachana, kila moja peke yake badala ya kushikana!

Sasa bango limetanda sakafuni ukuta kwa ukuta, kutoka kwangu hadi mlangoni. Wino mbichi, halikunjiki.

Mama wa bibi harusi, Bi Zuhura, akatokea mlangoni, nikamweleza habari ya fonti.

"Si Bismillahi hii! Nenda kalete hiyo fonti yako."

"Nipite wapi?"

"Pita juu, ndia hiyo hapo."

Nikapandwa na hasira. "Wewe ndiye usemaye si Bismillahi. Haya, tangulia wewe."

Akavua kiatu. Akainua mguu.

Akaurudisha.

"Astaghfirullah."

Sasa yeye anapepea wino kwa leso upande wake, mimi kwa kadibodi upande wangu.

Harusi ni leo jioni. Semeni kweli, nyinyi mngepita?