Gunia Jepesi la Makambi

Nyinyi vijana mnaobonyeza kitu moto ukatokea, kaeni chini kidogo. Najua mna haraka, siku hizi hata ugali unajisonga wenyewe. Nataka kuwaambia habari ya mkaa, na mtu asiniambie mkaa ni mkaa. Wa kwanza kuniambia hivyo nilikuwa nimeolewa naye.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimetoka kwetu Migori nikaolewa upande wa Homa Bay, na bado nilikuwa napika kwa mama mkwe. Ndivyo ilivyokuwa. Mke mpya hakuwa na mafiga yake. Ulipika kwa mama, mama akaonja, mama akakunja uso, mpaka siku atakayoona umekomaa akuwekee mawe yako matatu. Walioolewa nyuma yangu walikuwa wameshawekewa. Mimi nilikuwa na sifa ya kuchota maji vizuri.

Makambi yakakaribia. Kwa asiyejua, makambi ni juma ambalo sisi watu wa Sabato tunahamia uwanjani na maturubai, tunasali, tunaimba, na tunachungulia masufuria ya wenzetu. Kila nyumba inabeba jiko lake la bati. Ijumaa jua likizama, hakuna kuwasha moto mpaka lizame tena kesho yake. Moto ulio hai tangu Ijumaa hauna dhambi. Hilo wazee walilikubali upesi sana, maana nao walipenda chai ya moto.

Mama mkwe akaniita. "Nyar Migori," akasema, kwa sababu kwetu mke huitwa binti wa huko alikotoka, "Sabato mchana nitakula kwenye jiko lako. Nikikuta chakula cha moto, na kiberiti hakijaguswa, tukirudi nyumbani nakuwekea mafiga." Kisha akanichagulia jogoo wa kupika. Alikuwa mzee, nadhani ndiye aliyekuwa akimwamsha baba mkwe wakati bado kijana.

Nikamtuma mume wangu mkaa. Nikamwambia alete ule mzito wa mti wa miiba, ambao ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma. Lakini yeye alikuwa amefanya kazi Kisumu mwaka mzima, kwa hivyo hapakuwa na jambo asilolijua. Akarudi kutoka ufukweni na gunia limeketi nyuma ya baiskeli kama bibi harusi, mkaa mweusi unang'aa. Akalishusha kwa mkono mmoja. Nilipouliza mbona jepesi hivyo, akasema ndiyo uzuri wake, au nilitaka apasuke kifua kwenye mlima. Mkaa ni mkaa, akasema.

Nikachukua vipande viwili nikavigonganisha. Havikulia. Vilivunjika.

Lakini nisiwe mchoyo, kwa kuchoma mkaa ule ulikuwa mzuri. Ijumaa mchana ulishika upesi, samaki wetu wa ngege wakakauka ngozi vizuri, na mume wangu akawaita wanaume waje waone mkaa aliouchagua. Walikuja, wakala samaki, wakausifu mkaa. Aliyekuwa akigeuza samaki hakuna aliyemwona. Na upepo wa ziwa ulivyokuwa ukivuma, kila nikigeuka nakuta majivu. Samaki anataka moto wa kelele, wa muda mfupi. Jogoo mzee anataka moto unaonyamaza, ulale chini ya majivu mpaka kesho. Ule wetu ungekufa kabla wazee hawajasema amina.

Jua lilikuwa limeinama upande wa kisiwa cha Mfangano. Kwenye turubai la jirani palikuwa na mama Mkuria kutoka karibu na mpaka, anapuliza jiko macho yamekuwa mekundu. Mkaa wake ulikuwa mgumu kama mawe, haujashika, na watoto wake wanalilia samaki. Nikamwambia mume wangu abebe nusu ya gunia lake akabadilishe. Akasema mwanamume hawezi kubeba mkaa mbele ya kanisa zima. Nikamwambia sawa, akae, kesho atamweleza mama yake mwenyewe kwa nini jogoo ni baridi.

Alikwenda anatembea. Alirudi ameinama upande mmoja kama mtumbwi ulioingiwa na maji. Nikamuuliza kama mkaa ni mkaa. Akalitua gunia, akashika kiuno.

Niliuwasha ule mgumu kwa makaa ya ule mwepesi, uliposhika nikaufukia kwa majivu, nikafunga mlango wa jiko, nikateleka sufuria ya jogoo. Jua likazama.

Sabato mchana mama mkwe akaja na wazee wawili wa kike, mashahidi. Akafunua sufuria, mvuke ukampiga usoni. Jogoo alikuwa ameachana na mifupa yake kwa hiari. Mama akala polepole, wanaume kando wametega masikio. Kisha akauliza mkaa huo aliuchagua nani.

Mume wangu akakohoa, akanyoosha tai. "Ni mimi, mama."

Nikatazama chini. Mke hakumkatiza mume mbele ya mama yake, hata kama mafiga yake ndiyo hayo yanaondoka.

Mama akafuta vidole. "Vizuri, wuoda, mwanangu. Basi kesho mafiga nitakuwekea wewe."

Wale wazee wawili wakaficha vinywa kwenye leso. Mwanamume aliyewekewa mafiga, habari hiyo ingefika Awendo kabla yake. Akasema kwa sauti ndogo sana kwamba wake ulikuwa ule wa kuchoma, na huu ni nyar Migori aliyemtuma akaubadilishe.

"Najua," mama akasema. "Nilikuona umebeba."

Jumapili mawe matatu yakawekwa nyumbani mwangu. Kabla hata sijapika uji, nikamwita mume wangu mlangoni nikatoa amri, na hadi leo haijabadilika: "Hapa kwangu mkaa wa kuchoma na mkaa wa kuchemsha hautalala gunia moja. Na yeyote anayekwenda kununua augonganishe sikioni kwanza. Usipolia, auache huko huko, au aje aule yeye."