Kiti cha Kwenye Injini

Kwa miaka thelathini na minane kiti cha nyuma cha boti, kile cha kwenye injini, kilikuwa cha Verlyn Aasgaard. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: atakayevua samaki wa macho-kioo mkubwa kuliko wote siku msimu wa uvuvi unapofunguliwa ndiye nahodha mpaka ziwa ligande tena. Ardis, mkewe, alikaa mbele miaka yote hiyo, akirushiwa maji usoni. Mwaka huu alikuwa amechoka kulowa.

Siri ya ushindi wa Verlyn ilikuwa chambo cha Ardis, vidagaa hai. Lakini kaskazini mwa Minnesota mtu mwenye adabu hapokei kitu kabla hajakataa mara mbili, hivyo kila mwaka Verlyn alibembelezwa kwanza avichukue. Safari hii alijitia hamnazo kabisa. Majira yote ya baridi alikuwa akinunua chambo cha samaki wa bandia, wa rangi za kuchomachoma macho.

"Barafu imeondoka juzi tu, Verlyn," Ardis alimwambia botini asubuhi ya ufunguzi. "Samaki mwenyewe bado ana usingizi. Nani atalifukuza hilo dude lako?"

"Wewe ngoja uone, mama."

Ardis alifunga ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi, kidogo kama njegere, akakitunga kidagaa mdomoni. Akaishusha mpaka chini, akainyanyua kidogo, akatulia. Kwenye maji baridi, haraka haina baraka. Kufika saa nne alikuwa na watatu, mmoja wao wa kutosha chakula cha jioni. Verlyn alikuwa amevua tawi.

"Tawi zuri," alisema Ardis. "Tulipime?"

Verlyn alilinasua, akalitupa majini.

"Chukua kidagaa, basi."

"Hapana, niko sawa."

"Vipo vingi, vitakufa bure."

"Usijisumbue."

Verlyn akapangusa mikono, akakunja mshipi, akasubiri. Ardis alijua anachosubiri. Angeweza kunyamaza, na alitamani sana kunyamaza, ila moyo wake ni laini.

"Chukua, Verlyn."

"Haya, kama unasisitiza."

Akavua mmoja, mnene, mzuri. Wakamlaza kando ya yule wa Ardis. Alipungua upana wa kidole. Verlyn alimnyoosha mkia, akampima tena, na kidole kikabaki palepale.

Uso wake ulivyosinyaa, Ardis alimhurumia kwa dhati.

"Kaa tu kwenye injini, mume wangu. Umeshazoea."

"Hapana, umeshinda wewe."

"Kweli, mimi sijali."

"Hapana bwana, haki ni haki."

Kisha akasimama nusunusu, mkono mmoja umeshika kile kiti, akitazama msitu ng'ambo kama mtu asiye na haja ya chochote. Anasubiri abembelezwe mara ya tatu.

Ardis alimtazama. Anampenda mzee huyu, tangu zamani anampenda. Akampita taratibu, akaketi, akavuta kamba ya injini.

"Nenda mbele ukae, Verlyn," alisema. "Utaanguka."