Kikapu Kilichomruka Baba Mdogo

Kahawa mbichi ikichemshwa na majani yake ya kunukia hutoa harufu nzito, na hata leo nikiisikia narudi moja kwa moja jikoni kwa mama, kule Kimwani. Kwetu kahawa tuliitafuna zaidi kuliko kuinywa. Mama aliichemsha, akaianika juani, kisha akaihifadhi kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Mgeni akishasalimiwa, analetewa kikapu, anachukua punje zake, anatafuna, mazungumzo yanaanza. Asiyeletewa kikapu ameshaambiwa kwamba hatakiwi, hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Mwaka ule nilikuwa najiandaa kwa Komunyo ya kwanza, na baba alikuwa amefariki. Matanga yalipokwisha tu, mdogo wake, Rwegasira, aling'oa mimea ya mpakani akaipanda upya ndani ya kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba, ikapita karibu kabisa na jiko. Migomba iliyozaa vizuri kuliko yote ikawa yake. Wazee wa ukoo walikaa kikao, wakanywa rubisi yetu, pombe ya ndizi, wakaona mjane asilete maneno. Mama hakuleta maneno.

Tatizo ni kwamba Rwegasira alikuwa wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, iliyosali nyumba kwa nyumba. Zamu ya kusali ilipofika kwetu, alikuja bila aibu akakaa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Mama alipitisha kikapu kwa kila mtu, akafika kwake, akamruka. Watu waliangalia sakafu. Tuliposali Baba Yetu, sauti ya mama ilikatika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ikarudi mbele kidogo. Ikawa hivyo hata jioni tulipokuwa peke yetu. Jumapili nayo, wenzake walipokwenda kukomunika, yeye alibaki kwenye benchi na rozari yake.

Nilikuwa na gauni jeupe la kuazima na hofu moja tu. Tukiwa tunamenya ndizi nikamuuliza kama siku yangu tutakwenda altareni pamoja. Kisu kilisimama.

"Koku mwanangu," alisema, "siwezi kumpokea Yesu huku nimembeba Rwegasira kifuani. Hawatatosha wote wawili."

Nililia, na hakunibembeleza. Lakini tangu siku ile alianza kuamka kabla yetu na kupiga magoti jikoni. Nilimsikia akimwambia Mungu kwa Kihaya, kwa hasira kabisa, kwamba yeye ameshindwa, basi Mungu Mwenyewe amtoe mtu huyo kifuani mwake.

Wiki ya Komunyo zamu ilirudi kwetu. Rwegasira akaja, akakaa palepale. Mama alizunguka na kikapu, akamfikia, akasimama. Nilisikia kuku wakiparura nje. Kisha akainama kidogo.

"Shemeji, tafuna."

Baba mdogo alichota punje, moja ikaanguka. Alishukuru kwa sauti ndogo. Hakuomba msamaha, wala hakutaja migomba. Tuliposali, mama alipita pale penye msamaha akilia, lakini alipita, mpaka amina. Jumapili alinifuata altareni, nami nilifurahi hata nikasahau kuona kama gauni lilinibana.

Sasa naishi Kibeta, mjini Bukoba, na wageni wangu nawapa soda. Mpaka haukurudishwa. Kila nikienda Kimwani naipita migomba ile, mikungu imeinama kwa uzito, na moyo wangu unachemka, wakati mama, mzee na mwepesi, anafunga kahawa kwenye jani la mgomba nimpelekee baba mdogo, ambaye siku hizi hatoki kitandani. Safari iliyopita nilisonya. Mama akaniwekea kifurushi mkononi, akacheka.

"Koku, huko mjini Baba Yetu mnaisali yote?"

Nilikwenda. Baba mdogo hana meno tena, lakini alizipokea punje, akaziweka mdomoni, akanishika mkono asiuachie.