Toroli la Bunduki

Mimi ndiye niliyesema bunduki zisibebwe tena mabegani. Tulikuwa kwenye mafunzo ya mgambo hapa Lushoto, na uwanja wa shabaha uko bondeni, ng'ambo ya mashamba ya kabichi. Kwa kuwa mimi ni seremala, nikajitolea kutengeneza toroli: magurudumu mawili ya baiskeli, fremu ya mbao yenye vishikizo vya mpira ili bunduki zisikwaruzike, na bawaba za kulikunja hadi liingie uvunguni. Nililijaribu kwenye uwanja wa mpira wa shule. Likateleza vizuri mno, nikaona Lushoto nzima imechelewa kunijua.

Nimezaliwa kwenye milima hii, na bado nilikwenda kulijaribu mahali pekee penye tambarare.

Siku ya shabaha, tuliposhika njia ya bondeni, toroli likaanza kunivuta. Kwenye kona ya kwanza gurudumu moja lilikuwa njiani, jingine likizunguka hewani juu ya maharage ya mtu. Mkufunzi akaamuru kila mtu achukue bunduki yake, kisha akanigeukia. "Na wewe fundi, mali yako usiiache hapa."

Nikaweka bunduki begani, nikalikunja toroli, nikajitwika. Mbele kidogo nikakutana na mama mmoja mtu mzima, amebeba kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho cha kichwani ni cha nini?"

"Cha kubebea bunduki."

Akawatazama wenzangu waliotangulia, kila mmoja na yake begani, akanitazama mimi.

"Pole," akasema.