Nililitema Tembo la Chande Mbele ya Watu

Mhariri, ahsante kwa kukubali kulificha jina langu. Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, tarishi katika ofisi moja ya serikali hapa Lindi, nina mke na mabinti wawili. Majina ya watu nimeyabadilisha. Najua wengi mtaanza kuniambia kwamba mimi ni Muislamu na tembo la mnazi ni haramu. Ni kweli, na hilo nitamjibu Mola wangu. Lililonishikisha kalamu ni jingine.

Katika mji huu, karani akishuka melini kwa uhamisho, siku ya kwanza anatafuta chumba, ya pili anauliza tembo zuri linapatikana wapi. Pombe ya Kizungu hatuuziwi bila kibali, na kibali hawapewi watu kama sisi. Basi walikuwa wakiniuliza mimi. Nilijaliwa ulimi. Nikionja funda moja nilijua limegemwa leo au jana, limetiwa maji au la, kibuyu kimeoshwa au kimesuuzwa tu. Jumamosi baada ya kazi niliwaongoza wageni nyumba kwa nyumba, tunaonja hapa, tunaonja pale, na mimi ndiye nasema tukae wapi. Nikikaa, watu wanajaa. Nikipita bila kukaa, mgema siku hiyo anakunywa tembo lake mwenyewe.

Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Chande, ng'ambo, Kitunda. Tulivuka kwa mtumbwi kwa ajili yake tu. Alinizidi umri kidogo, mpole, mcheshi, na tembo kama lake sijapata kuonja tena. Mimi ndiye niliyemtangaza. Siku moja nikawapeleka makarani watatu wageni kutoka Kilwa, nikaanza kulisifu tembo lile kwa maneno marefu. Chande akacheka, akasema, "Msimsikilize sana huyu. Mwaka jana nilimpa maji ya dafu yaliyochacha, akayasifu mpaka akaomba ya kwenda nayo nyumbani." Watu wakacheka mpaka machozi. Haikuwa kweli, na kila mtu alijua ni mzaha, isipokuwa mimi. Mimi iliniingia.

Wiki iliyofuata wale makarani wakaniuliza, "Leo twende tena kwa Chande?" Nikawajibu, "Kwa Chande siku hizi hapana. Anatia maji." Basi, hayo tu. Ningesema sikujua kwamba maneno yatasambaa, lakini nitakuwa nawadanganya. Nilijua. Haukupita mwezi, watu wakaacha kuvuka.

Chande akanifuata. Ilikuwa Jumapili mchana, nimekaa barazani kwangu na wenzangu sita au saba, yeye amebeba kibuyu. Hakuja na hasira. Akasema, "Ndugu yangu, nimesikia maneno. Mjuzi ni wewe. Onja hapa mbele ya watu, kisha useme." Akanimiminia kwenye kata. Nikaonja. Wallahi, tembo lile lilikuwa safi na tamu kama siku zote, pengine kuliko siku zote. Watu wote wananitazama mdomo. Kama ningelimeza na kulisifu, wangejua nani mwongo. Nikalitema. Nikasema, "Limeharibika, kaka."

Chande akalitazama linavyozama mchangani. Akachukua kibuyu chake, akatuaga mmoja mmoja, akaenda zake.

Baadaye nikasikia amekwenda Rondo kukata magogo. Mtu wa pwani, msitu haujui. Mti ukamwangukia, wakamzika huko huko.

Tangu nilipopata habari ile sina raha. Tembo lolote nikilionja, hata lililochacha, linanijia na utamu wa siku ile. Hata chai ya mke wangu. Nikiwa ofisini na majalada mkononi, nikiwa natia udhu, nasikia mtu nyuma yangu ananiambia kwa upole, "Onja." Nageuka, hakuna mtu. Nimeacha kuwaongoza wageni. Nawaambia daktari amenikataza.

Haya ningeyabeba mpaka kaburini. Lakini wiki mbili zilizopita mjane wake, Bi Somoe, alikuja nyumbani.

"Shemeji," akaniambia, "nimempata mtu wa kunigemea minazi ya marehemu. Nataka kuanza upya, lakini naogopa."

"Unaogopa nini, shemeji?"

"Kosa alilolifanya mwenzangu. Siku ile alipotoka kwako alivunja vibuyu vyote, akatafuta vipya. Akabadilisha minazi. Kila akigema ananiita nionje, namwambia ni tamu, naye ananijibu, 'Wewe mke wangu, utasemaje? Yule hawezi kunidanganya. Akisema limeharibika, limeharibika.' Mwisho hata ulimi wake mwenyewe hakuuamini. Akawa anakaa chini ya mnazi na kata mkononi, anaonja na kutema, anaonja na kutema. Ndipo akaniaga akaenda Rondo."

Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Sikulaumu, shemeji. Ulisema ulichokiona. Niambie tu, alikosea wapi, nami nisirudie?"

Nikamwambia nitafikiri. Amesema atarudi Idi ikipita, na mke wangu, asiyejua lolote, amekwisha kumwalika chakula.

Nikisema kweli, atajua kwamba mumewe alikwenda kufia msituni kwa sababu ya mzaha mmoja, na mji mzima utanijua mimi ni nani. Nikimtungia kosa lolote, ataondoka ameridhika, atanishukuru, na Chande atabaki kuwa mgema mbaya hata moyoni mwa mkewe. Ndugu zangu, sina wa kumuuliza ila ninyi. Nishaurini. Bi Somoe atakapoketi mkekani kwangu na kuniuliza tena mumewe alikosea wapi, nimjibu nini?