Maziwa ya Mama Ramazani

Mwanangu, kosa nililolifanya mapema kabisa katika umama wangu ni hili: nilimnyakua mtoto wangu kutoka kwenye ziwa la mwanamke mwingine, katikati ya kunyonya, na mwanamke yule alikuwa akiniokoa. Asubuhi yenyewe naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na niliamini kwamba mtu akipanga mambo yake vizuri hatamhitaji mtu.

Ngoja kwanza nikueleze tulivyokuwa tukiishi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, ilikuwa bado ngeni kwetu sote. Majengo yake ya zamani yalikuwa jela, na Wamalawi wengine walishusha sauti kila walipotaja jina la mahali pale. Sisi tulijenga nyumba za udongo kwa mistari. Upande wangu wa kushoto walikaa watu wa Kindu, Kongo, Waislamu, wafanyabiashara tangu kwa babu zao: Baba Ramazani aliyeuza chumvi na samaki wakavu, mke wake Mama Ramazani, na mama mkwe wake, Bibi Mwamini. Mtoto wao mdogo, Ramazani, alimtangulia binti yangu Esperansi kwa mwezi mmoja tu. Mume wangu, Faustin, alikuwa akifyatua matofali Chinsapo, kule Lilongwe, akirudi Jumamosi na kuondoka Jumapili. Kwa hiyo siku za kazi nilikuwa peke yangu na mtoto, au niseme nilijiona peke yangu.

Kazi nilikuwa nayo. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe katika kitabu cha shule kisicho na jalada, na Kichewa nilikiokota kwa akina mama wa sokoni. Basi wakanichukua kuwa mkalimani katika kliniki ya kambi. Kila Jumanne watoto walipimwa uzito. Nesi, mama wa Kimalawi tuliyemwita Mai, alisema maneno yake, nami nikayageuza Kiswahili kwa Wakongomani na Kinyarwanda kwa watu wetu wenye asili ya Rwanda. Nililipenda neno sahihi kupita kiasi. Nikikosea neno moja mchana, nililirudia kichwani mpaka nilale.

Na nilikuwa nakimbia. Bukavu, shuleni, nilikuwa wa kwanza katika mbio ndefu, na tulipokimbia nchi nilipoteza karibu kila kitu isipokuwa miguu. Mai aliponiambia kwamba Lilongwe kutakuwa na mbio za wanawake, zitakazozunguka City Centre, nilianza mazoezi siku ileile. Esperansi alikuwa na miezi miwili.

Unajua kambi, mwanangu. Watu waliotoroka vita hawaelewi mtu anayekimbia bila sababu. Asubuhi ya kwanza wanaume walitoka nje na watoto mikononi.

"We mama, nani anakukimbiza?"

"Hakuna, papa. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Vita ikikuya tutakimbia bote, hautatushinda!"

Walizoea. Mimi nilikuwa na daftari, na humo niliandika kila kitu: saa ya kunyonyesha, saa ya kukimbia, saa ya kuripoti kliniki, saa ya kurudi mbio adhuhuri kunyonyesha, saa ya kuchota maji. Nilipokuwa nje, Mama Ramazani alimshika Esperansi. Nilimwachia pia karatasi ya saa zangu, yeye ambaye alikuwa amelea watoto wanne kabla ya Ramazani. Aliipokea kwa mikono miwili akafunika nayo sufuria.

Mwezi ukapita. Kila Jumanne Esperansi alipanda uzito, nami niliona ni kazi ya daftari langu. Nilifikia hatua ya kuwatazama wale akina mama wengine kwenye foleni, wale ambao watoto wao hawaongezeki, na kusema moyoni kwamba hawana mpango. Nakuambia ukweli hata kama unanishusha.

Asubuhi ninayoisema ilikuwa ya Alhamisi. Mbio zilibakiza wiki chache, nami niliongeza njia mpaka barabara ya lami. Nilichelewa karibu saa nzima. Nilipoingia kwa jirani, nikitiririka jasho, Mama Ramazani alikuwa ameketi kwenye mkeka. Ramazani amelala kando yake, na Esperansi yuko kifuani mwake, ananyonya, ameshika shanga za yule mama kwa vidole vitano kama mtu aliyeko kwake.

Hiyo ndiyo iliyonichoma: jinsi alivyotulia.

"Unamufanya nini mutoto wangu?"

"Alilia sana, Mama Espe. Mi nilikungoja, nikakungoja..."

"Ana mama yake!"

Nikamnyakua. Maziwa yakamwagika shavuni mwake. Mama Ramazani alijifunika kitenge haraka. Bibi Mwamini alikuwa pembeni anachambua mchele, akainua uso akanitazama, kisha akarudi kwenye mchele wake. Nikasema pia neno ambalo sitalirudia hapa, kuhusu maziwa ya watu wengine. Halafu nikatoka.

Nilijiambia nimekasirika kwa sababu hawakuniomba ruhusa. Haikuwa hivyo. Nilikasirika kwa sababu jambo ambalo daftari langu halikuwa nalo lilikuwa limetokea mbele ya macho yangu: mtoto wangu alikuwa na njaa na mimi sikuwepo.

Kuanzia kesho yake sikumwacha tena kwa jirani. Nilimbeba mgongoni mpaka kliniki. Na kukimbia je? Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Nilimlaza, nikaufunga mlango kwa kamba, nikazunguka mistari ya nyumba zetu, na kila mzunguko nilipita mlangoni nikasimama kusikiliza. Watu walicheka wakasema nimekuwa kuku anayetafuta pa kutagia. Nilihesabu mizunguko, nikaiandika. Niliuona huo kuwa mpango mzuri.

Lakini maziwa yangu yakawa yanaisha upesi. Nilikula nsima, ule ugali wa Kimalawi, mara moja kwa siku, kwa kuwa hapakuwa na saa ya kupika mara mbili. Esperansi alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Shingo yake ikaanza kuonekana. Na mimi, niliyesimama pembeni ya mizani kila Jumanne, Jumanne mbili mfululizo nilimwacha mgongoni, sikumpandisha. Nilisema foleni ni ndefu, tutampima wiki ijayo. Mwanangu, nilikuwa nawaeleza wanawake wengine hatari ya mtoto kupungua, na wangu alikuwa anapungua ndani ya kitenge changu.

Jumanne ya tatu Mai alinigeukia mwenyewe. "Na wako?" Akamfungua kitenge bila kungoja jibu. Akamweka kwenye mizani. Akaangalia kadi, akaangalia mshale wa mizani, akaangalia kadi tena. Kisha akasema kwa Kichewa, polepole, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa wote.

Nilinyamaza.

Foleni ilikuwa imezoea: Mai akisema, mimi nasema. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Eh! Leo mukalimani anakuwa bubu?" Wengine wakacheka. Mbele ya foleni alikuwa Bibi Mwamini, amemleta Ramazani, mnene, mapaja yamejaa mikunjo. Tulikuwa hatujasemezana karibu wiki tatu.

"Mai anasema nini?" Bibi akaniuliza.

"Bibi, ni habari yangu mimi."

"Najua ni yako. Kazi yako njo kusema. Sema."

Nikasema. Kwa Kiswahili kwanza, kisha, sijui kwa nini, na kwa Kinyarwanda, kama kawaida. "Mtoto huyu amepungua. Alikuwa vizuri, sasa amepungua sana. Akiendelea hivi wiki mbili nyingine tunaweza kumpoteza. Mai anauliza ni nini kilichobadilika nyumbani." Hakuna aliyecheka tena. Mai aliniambia pepani, yaani pole, akaniandikia unga wa lishe na kuniagiza nipumzike. Kupumzika sikujua kunaandikwa saa ngapi.

Bibi Mwamini alinisubiri nje mpaka nilipomaliza kazi. Tulitembea naye mpaka kwake, Ramazani mgongoni kwake, Esperansi mgongoni kwangu. Alipofika akaniketisha kwenye mkeka uleule.

"Binti," akasema, "unajua mutoto wako alinyonya kwetu mara ngapi?"

"Siku ile, Bibi."

"Siku ile!" Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Alianza akiwa na miezi mbili. Kila siku ukichelewa, kila siku ukienda kliniki. We ulizania anaongezeka juu ya nini? Juu ya ile karatasi?"

Mwezi mzima wa majivuno yangu ulikuwa maziwa ya Mama Ramazani.

"Sikiliza," akaendelea. "Kwetu maziwa haimwagike tu ovyo. Mutoto akinyonya ziwa mara tano akashiba, anakuwa mutoto wa nyumba. Huyu na Ramazani ni ndugu, hata siku moja hawataoana. Kwa hiyo mukwe wangu alimuuliza bwana yake kwanza, na bwana yake akaniuliza mi. Tulikaa hapa batatu, tukasema sawa. Tulipokea mutoto wako kwa heshima. Na we ukakuya ukamunyang'anya mama yake, ukamutukana."

"Mbona hamkuniambia?"

Mama Ramazani alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye aliyejibu, na hakuwa na hasira. "Niliogopa, Mama Espe. We unajua kila kintu. Muntu anajua kila kintu, utamwambia nini?"

Nimerudia sentensi hiyo maisha yangu yote. Sijapata kukaripiwa vikali kuliko hivyo, na aliyenikaripia alikuwa anaomba radhi.

Nililia, ndiyo. Lakini kulia hakumshibishi mtoto. Nilimfungua Esperansi, nikamwinua kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Mama Ramazani, nisamehe. Naomba umnyonyeshe." Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike Malawi kuomba kitu ambacho sikuwa na fomu yake. Alimpokea. Esperansi alitafuta ziwa kama aliyekuwa na kiu ya siku nyingi, na Bibi Mwamini akamwambia Ramazani, "We mwanaume, ngoja zamu yako."

Basi tukaishi hivyo. Bibi aliniwekea masharti yake. Nilipotoka kukimbia sikuruhusiwa kumshika mtoto mara moja: nikae, ninywe uji wa karanga, nipoe, nikamue yale maziwa ya kwanza yaliyopigwa na jua nimwage, ndipo ninyonyeshe. Mai alisema hayo ya maziwa ya jua hayapo katika vitabu vyake. Sikubishana na yeyote. Ninachojua ni kwamba ule muda wa kupoa ulikuwa kupumzika kwangu kwa mara ya kwanza, na maziwa yalirudi. Mimi nami, siku Mama Ramazani alipokwenda Mponela kutafuta bidhaa na mume wake, nilimnyonyesha Ramazani. Alinyonya kwa nguvu, akaniuma. Nikahesabu mpaka tano na zaidi, kusudi undugu uwe wa pande mbili.

Lilongwe tulikwenda sote. Nilikimbia City Centre Jumamosi, katikati ya mabenki na ofisi zilizofungwa, Faustin akinisubiri na maji. Mama Ramazani aliketi kwenye ukingo wa barabara na watoto wawili. Mlinzi mmoja alimuuliza kwa Kichewa kama ni mapacha. Nilipita hapo wakati huohuo, nikamsikia akimjibu, "Ee, mapacha, lakini kila mumoja na baba yake." Nilishindwa kukimbia kwa kucheka, wanawake wawili wakanipita. Nilifika wa kumi na nne. Zamani ningeugua wiki nzima kwa nafasi hiyo. Siku ile niliketi ukingoni, nikapoa, nikamchukua wangu. Jumanne iliyofuata alipanda mizani akiwa ameongezeka, na nilitafsiri kwa sauti mpaka Mai akaniambia nipunguze.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, mwanangu, wewe uliyejifungua juzi na tayari unaniuliza utarudi lini kazini na utakimbia lini tena. Kimbia. Fanya kazi. Sikukatazi hata kimoja, na anayekukataza umuulize atakusaidia nini. Lakini usimfanye mtoto wako kuwa mtihani unaotaka kuupasi peke yako. Ukichelewa, sema umechelewa. Ukiona mtoto amepungua, mpandishe kwenye mizani siku hiyohiyo, hata kama ni wewe unayeisoma. Na mwanamke anayemshika mtoto wako usimpe karatasi tu: muulize anaonaje, kisha unyamaze umsikilize, maana huenda amekwisha kuona jambo na anaogopa kukuambia.

Mungu akupe maziwa ya kutosha na miguu isiyochoka, na upande wa kushoto au wa kulia akuwekee jirani mwenye moyo. Na akupe wepesi wa kumgongea mlango.

Mimi bado napanga. Bado naandika saa. Kilichobadilika ni kimoja: mbele ya kila saa sasa naandika na jina la mtu niliyemwomba.